Mto Usio na Maji Bado ni Mto? Santa Cruz, Colorado na Mti Tunaouita Mathenge

Ukitazama ramani ya kusini mwa Arizona utaona mstari wa buluu ulioandikwa Santa Cruz. Unaanzia katika bonde la San Rafael, unashuka kusini na kuingia Meksiko, kisha unageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Unavuka mpaka tena karibu na Nogales na kuelekea kaskazini hadi Tucson na kupita. Urefu wake ni karibu kilomita 300. Ukiiacha ramani ukaenda kuutafuta mto wenyewe, sehemu kubwa ya njia hiyo utakuta mchanga mtupu. Unaweza kuuvuka ukiwa na viatu vya sikukuu na visipate hata tone.

Wengi wetu katika klabu hii tumetoka katika familia zinazoijua mito ya namna hiyo. Wenye asili ya Ukambani wanaiita mito ya mchanga. Kaskazini mwa Kenya watu husema laga. Wenzetu ambao babu zao walitoka Omani wakafika Zanzibar, na baadaye wakarudi, wanasema wadi. Majirani zetu wa hapa wanaozungumza Kihispania wanasema arroyo. Nasi tukifungua kamusi tunapata korongo. Maneno yote haya yanakubali kwamba mto unaweza kukaa bila maji miezi tisa na bado ukahesabiwa mto, kwa sababu mvua ikinyesha maji yatapita palepale.

Makala hii inahusu jambo lililo karibu na hilo lakini tofauti: mito ya jangwani iliyokaushwa na watu, na juhudi za kuirudishia maji. Muhula huu tumegawana kazi. Baadhi yetu wamesoma taarifa za watafiti, wengine wamekwenda mtoni, na wengine wamepiga simu nyumbani. Tulianza tukidhani habari hii ni ya Arizona peke yake, lakini ikatufikisha Baringo na Kitui.

Jinsi Santa Cruz ilivyokauka

Tucson hupata mvua isiyofika milimita 300 kwa mwaka. Hata hivyo wanaakiolojia wamekuta kando ya Santa Cruz dalili za kilimo cha mahindi cha miaka ipatayo 4,000 iliyopita, pamoja na mifereji ya kumwagilia ya zaidi ya miaka 3,000. Watu waliweza kulima hapo kwa sababu maji ya ardhini yalikuwa karibu sana na uso wa ardhi, na mahali pengine yalibubujika yenyewe. Watohono O'odham, ambao hadi leo wana ardhi yao San Xavier kusini mwa mji, walilima kwa maji hayo kabla ya mji wa Tucson kuwapo. Karibu nao ulikuwapo msitu mkubwa wa miti ya meskiti. (Wasomaji wasije wakadhani tunazungumzia misikiti. Ni mti wa miiba wenye maganda matamu, na tutaurudia baadaye.)

Mwishoni mwa karne ya 19 watu walichimba mifereji mirefu ili kuyakinga maji ya chini na kuyapeleka mashambani. Mafuriko ya mwaka 1890 yakaifuata mifereji hiyo, yakaula udongo na kuacha korongo lenye kingo za wima. Katika karne ya 20 zikaja pampu, kwanza za mashamba, kisha za mji uliokuwa ukikua haraka. Sehemu nyingine za Tucson maji ya ardhini yalishuka zaidi ya mita 60.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua kabla ya muhula huu. Mto wa jangwani na maji ya ardhini ni maji yale yale. Mto hutiririka mahali ambapo kina cha maji ya ardhini kimepanda hadi kukutana na uso. Ukichimba kisima kilomita chache kutoka mtoni na kuvuta maji mfululizo, unauvuta mto, ila mto unachelewa kuonyesha. Hupotea baada ya miaka, na wakati huo aliyechimba kisima huenda ameshahama. Miti nayo hufuata. Mizizi ya meskiti inaweza kwenda chini mno. Katika mgodi wa wazi karibu na Tucson iliwahi kukutwa kwenye kina cha mita 53. Hata hivyo msitu wa San Xavier ulishindwa kuyakimbiza maji yaliyokuwa yakishuka kila mwaka. Ile iliyobaki ilikatwa kuni.

Mwaka 1980 jimbo la Arizona lilipitisha sheria ya kudhibiti uvutaji wa maji ya ardhini. Ni sheria ambayo wengi huisifu hadi leo. Ilikuja wakati mto ndani ya mji ulikuwa tayari mkavu.

Maji yaliyopitia chooni

Mto umeanza kurudi kwa njia ambayo ukimweleza mtu nyumbani atakunja uso: kwa maji taka yaliyosafishwa.

Karibu na mpaka kuna mtambo unaosafisha maji taka ya miji miwili yenye jina moja, Nogales ya Arizona na Nogales ya Sonora, Meksiko. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka upande wa Meksiko. Yakishasafishwa humwagwa Santa Cruz, na kwa kilomita kadhaa mto hutiririka mwaka mzima chini ya miti mirefu. Kwa miaka mingi maji hayo yalikuwa na amonia nyingi, na samaki hawakuweza kuishi humo. Mwaka 2009 mtambo uliboreshwa. Mwaka 2015 watafiti wakamkuta tena samaki mdogo wa asili ya mto huo, ambaye Waingereza humwita Gila topminnow. Hazidi sentimita 5, huzaa watoto badala ya kutaga mayai, hula viluwiluwi vya mbu, na tangu 1967 ameorodheshwa na serikali ya Marekani kuwa hatarini kutoweka. Mwaka 2017 alionekana pia eneo la Tucson, ambako hakuwa ameonekana kwa miongo mingi.

Kuna jambo ambalo hata wanafunzi wa sayansi miongoni mwetu halikuwapitia akilini. Maji yalipokuwa machafu, yaliweka tabaka la ute na mwani juu ya mchanga, na tabaka hilo likazuia maji kuzama. Maji yalipokuwa safi tabaka likaisha, mchanga ukafunguka, na mto ukawa mfupi kwa sababu maji yalizama mapema zaidi. Aliyetaka mto mrefu alisikitika. Aliyetaka kujaza maji ya ardhini alifurahi. Wote wawili walikuwa wanatazama maji yale yale.

Tarehe 24 Juni 2019 mji wa Tucson ulianza kumwaga maji yaliyosafishwa katikati ya mji penyewe, hadi lita zipatazo milioni 10 kwa siku. Kereng'ende walifika katika siku za kwanza. Michael Bogan, mwanaikolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona anayefuatilia wadudu wa majini, ameonyesha jinsi wadudu wenye mabawa wanavyoweza kulikuta dimbwi jipya jangwani kwa haraka. Samaki hana mabawa, kwa hiyo mwaka 2020 wataalamu walimhamisha yule samaki mdogo kutoka sehemu nyingine ya mto na kumleta hapo.

Saba kati yetu tulikwenda kuona Jumamosi moja ya Oktoba. Tulitarajia harufu mbaya. Tulichokinusa ni harufu hafifu ya sabuni ya kufulia, kama nguo zilizotoka kuanikwa. Kulikuwa na mafunjo marefu kuliko sisi, bata wawili, mzee mmoja na mbwa wake, na vijana wanaoendesha baiskeli kwenye njia ya kando. Mzee alitwambia amezaliwa mtaa wa karibu, na utotoni mwake hapo palikuwa mahali pa kutupa matairi. Tulimwuliza kama anajua maji yanatoka wapi. Akacheka: "Kwangu, na kwenu pia."

Na hayo maji yametoka wapi kabla ya hapo?

Jibu la mzee yule ni kweli, ila lina ukurasa wa nyuma. Maji ambayo Tucson hunywa, huoga na kumwaga, kwa sehemu kubwa hayatoki Tucson. Hutoka mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 541 uliokamilika mwaka 1993. Pampu huyapandisha maji mamia ya mita hadi yafike. Kwa hiyo Santa Cruz inayotiririka leo katikati ya mji ni Colorado iliyopita kwenye mabomba yetu. Mto mmoja umepata nafuu kwa maji ya mto mwingine, na huo mwingine kwa miaka mingi sasa kwa kawaida haufiki baharini.

Colorado unawapa maji watu wapatao milioni 40. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji yake kwenye karatasi, kwa kufuata vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi kuliko kawaida. Makabila ya asili hayakuitwa kwenye meza hiyo, wala Meksiko. Meksiko ilipata fungu lake kwa mkataba wa 1944, mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka. Hakuna aliyeandika fungu la mto wenyewe. Bwawa la Hoover lilikuwa limeshajengwa miaka ya 1930. Mwaka 1950 likaja bwawa la Morelos hapo mpakani, linalogeuza maji kuelekea mashamba ya Mexicali, na mwaka 1963 milango ya bwawa la Glen Canyon ikafungwa. Delta ambayo Aldo Leopold aliipita kwa mtumbwi mwaka 1922 na kukuta ndege na vichaka visivyo na mwisho ikawa, kwa sehemu kubwa, uwanda wa chumvi. Wacucapá, ambao jina lao hufasiriwa kuwa watu wa mto, wakabaki na jina.

Ndiyo maana mwaka 2014 uliwashangaza wengi. Kwa makubaliano namba 319 chini ya ule mkataba wa 1944, yaliyotiwa saini Novemba 2012, Marekani na Meksiko zilikubali kuupa mto maji kwa ajili ya mto. Tarehe 23 Machi 2014 milango ya Morelos ilifunguliwa. Hadi 18 Mei, mita za ujazo zipatazo milioni 130 zilikuwa zimeshuka kwenye mkondo mkavu. Ni chini ya asilimia 1 ya maji ya mto huo kwa mwaka. Katika mji wa San Luis Río Colorado watu walishuka mtoni na watoto, ngoma na farasi. Kulikuwa na vijana ambao walivuka daraja la mto huo maisha yao yote na hawakuwahi kuona mto chini yake. Tarehe 15 Mei maji yakakutana na maji ya bahari.

Wakati huo ulichaguliwa kwa makusudi. Zamani theluji ya milimani iliyeyuka majira ya machipuko na kuleta mafuriko, na miti ya asili ilizoea hivyo. Kuna mti wa jamii ya mpopla ambao mbegu zake huruka na nyuzi nyeupe kama pamba, na kuna mierebi. Mbegu zao huishi wiki chache tu. Zinahitaji udongo ulio wazi, wenye unyevu, na maji yanayoshuka polepole ili mzizi mchanga uyafuate. Maji yakiondoka ghafla, mche hufa kwa kiu wenzake wakiwa bado kijani.

Watafiti wa nchi mbili walipima kila kitu, na majibu hayakuwa ya kushangilia tu. Sehemu kubwa mno ya maji ilizama mchangani katika kilomita za kwanza, pale ambapo uvutaji wa visima umeshusha maji ya ardhini. Picha za setilaiti zilionyesha ukijani wa kando ya mto ukiongezeka kwa asilimia 17 mwaka huo, kisha ukaanza kupungua. Idadi ya ndege iliongezeka kwa asilimia 20. Miche mingi zaidi iliota mahali ambapo watu walikuwa wamefyeka mimea vamizi mapema na kuuacha udongo wazi. Maji peke yake hayakutosha, na jembe peke yake lisingetosha pia.

Funzo hilo lilibadili makubaliano yaliyofuata. Namba 323, ya Septemba 2017, iliahidi mita za ujazo zipatazo milioni 259 kwa mazingira hadi mwaka 2026. Theluthi ya kwanza itoke Marekani, ya pili Meksiko, na ya tatu mashirika yasiyo ya serikali. Safari hii maji hayakumwagwa yote mara moja. Yalipitishwa kwenye mifereji ya mashamba na kufikishwa mahali palipotayarishwa, kama Laguna Grande, kidogo kidogo msimu wa joto. Haina ngoma wala farasi, lakini miti iliyopandwa huko imekuwa msitu wa kukaa kivulini.

Mgeni aliyekuwa na wapangaji

Mimea vamizi tuliyoitaja hapo juu, kinara wake ni mtamariski. Wenzetu wa Omani wanaujua vizuri, kwa Kiarabu athl au tarfa, na huko kwao ni mti wa kawaida wa kivuli na wa kuzuia upepo. Marekani uliletwa karne ya 19 kwa urembo na kushika kingo za mito. Mabwawa yalipozuia mafuriko na chumvi ikaongezeka kwenye udongo, mpopla na mierebi ilidhoofika. Mtamariski unavumilia chumvi na ukame, nao ukaenea.

Kwa miaka mingi ulihukumiwa kuwa mwizi wa maji, na fedha nyingi zilitumika kuung'oa kwa matumaini kwamba mito itajaa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa unywaji wake haupishani sana na ule wa miti ya asili, kwa hiyo maji yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mwaka 2001 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliachia mbawakawa kutoka Asia anayekula majani yake. Alifanya kazi kuliko walivyotegemea. Kumbe katika mito iliyopoteza mierebi, kuna ndege mdogo mkamata wadudu, aliyeorodheshwa kuwa hatarini mwaka 1995, ambaye alikuwa amehamia kwenye mitamariski na kujenga viota humo. Majani yakikauka katikati ya msimu wa kutaga, makinda hubaki juani. Mwaka 2010 wizara ilisimamisha mpango huo, lakini mbawakawa hasomi barua za serikali na ameendelea kusafiri. Ushauri wa watafiti sasa ni kupanda mierebi kwanza, ishike, ndipo mtamariski uondolewe taratibu.

"Mnapanda mathenge?"

Tulipofika kwenye miti inayopandwa badala yake, mkutano wa klabu ulichangamka. Kando ya Santa Cruz na katika delta ya Colorado, mmoja wa miti inayopandwa kwa heshima kubwa ni ile meskiti ya miiba. Majani yake hurutubisha udongo, maganda yake yalikuwa chakula cha Wao'odham kwa karne nyingi, na kivuli chake hulea miche mingine. Mwenzetu mmoja mwenye jamaa Marigat, Baringo, aliitazama picha na kusema: lakini huu si ndio mathenge?

Jibu sahihi ni kwamba ni ndugu. Meskiti ya Arizona na mathenge wa Kenya ni spishi mbili za jamii moja, iitwayo kitaalamu Prosopis. Mathenge asili yake ni upande huu wa dunia, katika nchi za joto za Amerika. Ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1973 ili kufunika machimbo ya mawe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa nia njema kabisa: ardhi ilikuwa kavu, na watu walihitaji kuni na malisho. Turkana unaitwa etirae. Omani wanauita ghaf bahri, kuutofautisha na ghaf wao wa asili.

Mwenzetu alimpigia simu nyanya yake palepale, tukasikiliza sote.

"Nyanya, huku watu wanapanda mathenge kando ya mto. Wanaumwagilia maji kabisa."

Kimya kidogo. Kisha: "Wanapanda? Mjukuu wangu, huko mmekosa kazi? Njooni mchukue wetu, hata gari nitawalipia."

Akatusimulia jinsi ulivyoziba njia za kwenda ziwani, jinsi miiba ilivyotoboa kwato za ng'ombe na matairi ya pikipiki, na jinsi mbuzi waliozoea maganda matamu walivyooza meno. Habari ya meno ilifika hadi Mahakama Kuu, Nairobi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali na wakaleta mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Lakini nyanya huyohuyo aliongeza, kabla ya kukata simu, kwamba binti wa jirani yake amesomeshwa kwa makaa ya mathenge, na kwamba asali yake si mbaya.

Kwa nini ndugu hawa wawili wana tabia tofauti hivyo? Meskiti ya kwao ina maadui: wadudu wanaotoboa mbegu, baridi ya usiku, mimea mingine inayoshindana nayo. Baringo mathenge ulifika bila maadui hao, na mifugo wakazibeba mbegu matumboni na kuzipanda na mbolea yake kila walikopita. Hata hapa Arizona meskiti si malaika. Katika nyanda za nyasi ambako ng'ombe walilisha kupita kiasi na moto wa asili ukazuiwa, imevamia, na wafugaji wanailalamikia kwa maneno ambayo nyanya wa Marigat angeyaelewa bila mkalimani. Msitu ule ule ukiwa mtoni unaliliwa, na ukiwa mbugani unachomwa.

Ukuta na mchanga

Kuna upande ambao ujuzi umetoka kwetu. Mama wa mwenzetu mwingine alikulia Kitui, na amebeba mawe ya bwawa la mchanga akiwa msichana. Kazi hufanywa kwa mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kwa zamu. Hujengwa ukuta imara kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na kati ya chembe zake hukaa maji, robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii na mbu hawazai humo. Watu huchimba kisima kifupi au kuweka pampu ya mkono. Ukambani kuna mamia ya mabwawa hayo, na karibu nayo maji ya ardhini hupanda na miti ya kingoni hukaa kijani wakati wa kiangazi.

Katika milima ya Chiricahua, kusini mashariki mwa Arizona, wenye mashamba walipanga maelfu ya kuta ndogo za mawe kwenye vijito vikavu. Wengi waliogopa kwamba kuta hizo zingewanyima maji walio chini. Watafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani wakalinganisha bonde lenye kuta na bonde jirani lisilo nazo. Lenye kuta mafuriko yake yalikuwa ya upole, na kwa jumla lilipitisha maji asilimia 28 zaidi, kwa sababu kijito kiliendelea kutiririka polepole baada ya mvua kwisha. Tulimtumia mama yule taarifa hiyo. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Wangetuuliza tu."

Tuiiteje kazi hii?

Tulipoanza kuandika tulikwama kwenye neno. Kurejesha kunamaanisha kuna mahali pa kurudi, na Santa Cruz ya 1880 haiwezi kurudi: maji ya ardhini yameshuka, mji una watu zaidi ya nusu milioni, na maji yenyewe yametoka mto wa mbali. Kufufua kunadai mengi, kana kwamba ukishafanya mara moja umemaliza. Mwalimu mmoja alipendekeza kuhuisha. Wengi wetu mwishowe tuliegemea kuuguza, kwa sababu mgonjwa unayemwuguza unalala karibu naye, unampa maji kwa kiasi, na hujui kwa hakika kesho ataamkaje. Delta ya Colorado inanyweshwa hivyo hasa.

Na hapa ndipo tunapoona hatari halisi. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji katika Colorado ya chini, na mwaka 2022 Arizona ikapunguziwa asilimia 18 ya fungu lake. Kanuni za mwaka 2007 za kugawana upungufu huo, pamoja na makubaliano namba 323, zinafikia mwisho wake mwaka 2026. Maji yakiwa machache, miji itatazama kila lita, na maji taka yaliyosafishwa ndiyo ya kwanza kutazamwa, maana teknolojia ya kuyafanya ya kunywa ipo. Mji unaweza kuamua kwa haki kabisa kwamba lita zile milioni 10 ziende kwenye mabomba. Siku hiyo mfereji ukifungwa, kereng'ende wataruka. Samaki wa sentimita 5 hataweza.

Sisi hatusemi mji unywe kiu ili samaki aogelee. Tunasema kwamba mwaka 1922 watu waligawana mto mzima bila kuuachia mto kitu, na asilimia isiyofika 1 ilitosha kuonyesha tofauti mwaka 2014. Fungu dogo lililoandikwa na kulindwa lina nguvu kuliko fungu kubwa la hisani. Vilevile tunasema wanaoishi kando ya mto waulizwe mapema, awe Mcucapá, Mo'odham, mfugaji wa Marigat au mama wa Kitui. Baringo wangeulizwa mapema, mbuzi asingelazimika kwenda mahakamani.

Muhula ujao klabu itashiriki katika zoezi la wanafunzi la kuhesabu kereng'ende Santa Cruz, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hauhitaji ujuzi, unahitaji kofia na chupa ya maji. Tutakuwa pia tunakusanya msamiati wa mito ya msimu kutoka kwa wazazi na wazee wetu, pamoja na majina ya mathenge na mtamariski kila mahali tulipo na jamaa. Walimu wetu wapendwa, mkiwa na neno bora kuliko kuuguza, tuleteeni. Nafasi ya toleo lijalo tumeshaiacha wazi.